Siku Nilipomwuliza Mama Amezaa Wangapi

Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati sitaki kelele. Aibu mimi nimezipata nyingi, na nyingine nazisimulia mwenyewe kwa kujisifu. Nimewahi kutumbukia kwenye kisima cha kunyweshea ng'ombe, nimewahi kumwamkia mzee wa watu shikamoo mara tatu asiitikie, nikanuna, kumbe ni kisiki kimeanikiwa ngozi. Hizo nazisimulia na ugali mdomoni. Lakini hii ya stesheni, hii ya sanduku la Bonifasi, nilikaa nayo miaka naipapasa kwa ulimi kama jino bovu, kwa sababu kwenye zile nyingine nilijiaibisha mwenyewe, na kwenye hii nilimwaibisha mama yangu, mchana kweupe, mbele ya watu, kwa mdomo huu huu mnaoutazama.

Ilikuwa enzi za Mjerumani, reli ndiyo kwanza imefika Dodoma, na gari moshi likipiga kelele ng'ombe wa kijiji chetu cha Kikuyu wote wanatimua mbio (wengine nasema kweli walirudi baada ya siku tatu, wamenenepa). Sisi nyumbani tulikuwa hapo hapo Kikuyu, kwenye nyumba ya tembe ya marehemu baba, ambaye alikwenda na msafara wa wapagazi akafia njiani. Tulikuwa mimi, mdogo wangu Mika, na Sara wa mwisho, na mama yetu. Mama alikuwa mwanamke mfupi, wa maneno machache, na kwenye mkono wa kushoto alikuwa na kovu la meno. Alituambia zamani aliumwa na mbwa. Basi mimi kwa ajili ya kovu lile nilikuwa adui wa mbwa wote wa Ugogo, nimewatupia mawe kutoka Kikuyu mpaka Buigiri, mpaka ikafika mahali mbwa wakiniona wanachukua watoto wao wanahama.

Sasa kuna jambo moja lazima mlijue, na wengine humu mnalijua. Kwetu mtoto hahesabiwi. Mama wa watu unamwuliza, wana hawajambo? Anajibu, wazima, na hapo imekwisha. Kumwuliza amezaa wangapi ni sawa na kumwambia avue nguo uone. Hilo nililijua kama ninavyojua njia ya kwetu. Sitaki kusema sikujua.

Mimi na mama tulikuwa tumebatizwa siku moja, na wamisionari Waingereza, kwenye nyumba yetu ya sala ya udongo hapo Kikuyu. Mimi nilibatizwa kama mtu aliyepita kwenye manyunyu akajifuta akaendelea na safari. Mama alibatizwa kama shamba letu linavyopata mvua, yote ikazama ndani. Darasani tulikuwa tunaitwa wasomaji, lakini kusoma kwenyewe mimi kulinishinda, herufi naitazama, nayo inanitazama, tunaachana salama. Nilichokuwa nacho ni sikio. Mwalimu wetu Danieli, mtu wa Buigiri, akisoma mlango mzima wa Injili (sura, siku hizi mnasema) mara mbili, mimi nauimba wote, na mikono narusha kama yeye. Watu wakaanza kuniita msomi! Danieli peke yake hakudanganyika. Akaniambia siku moja, "Yakobo, Kitabu siyo zeze. Zeze unalipiga kwa sikio. Kitabu kinataka macho, na akili, na kunyamaza."

Kunyamaza, jamani. Angeniambia nile mchanga.

Basi Jumamosi moja mama na shangazi yangu Matika wanakwenda stesheni kuwauzia mafundi wa reli maziwa ya mgando, na mimi nimewabebea vibuyu. Nimevaa kanzu yangu nyeupe ya ubatizo. Mama alisema ivue, ni ya Jumapili, nikasema nitaitunza. Tukakaa pale kwenye kivuli cha ghala, mafundi wanakunywa, watu wa kila mahali, Wanyamwezi, watu wa pwani, wengine sijui walitoka wapi, na watu wetu wa Kikuyu nao wamejaa kuangalia gari moshi, maana wakati ule hiyo ndiyo ilikuwa sherehe.

Gari likafika. Akashuka mtu mrefu, mwembamba, ana kofia nyekundu, na Kiswahili chake kinateleza kama samli, mtu wa pwani kabisa. Nyuma yake wakashusha sanduku la mbao, wanaume wawili wanaguna. Akasalimia vizuri, "Hamjambo wenyeji," akasema anaitwa Bonifasi, mwalimu wa upande wa Roma, ametumwa kwa mapadre wanaojenga ng'ambo ya Kikuyu, na anaomba mtu wa kumsaidia mzigo.

Nikamwuliza, "Ndani kuna nini?"

Akasema, "Mama wa Mungu." (Alikuwa na maana ya sanamu, sanamu ya Maria.)

Hapo ndipo. Ningeweza kusema, oh, vizuri, karibu Dodoma. Ningeweza kupiga chafya. Mimi nikatazama kushoto, nikaona mafundi wananiangalia, nikatazama kulia, nikaona watu wa Kikuyu wananiangalia, nikaona ni dhambi kuwanyima. Nikasema, "Yule mwenye watoto watano, na mabinti juu? Kwenye sanduku hilo anapumuaje? Na wanawe umewaacha stesheni gani?"

Walicheka! Hata gari moshi lilitoa mvuke. Fundi mmoja, jitu la miraba minne lenye jino la mbele lililovunjika, alicheka mpaka akalala chini. Nami nikajiona nimekuwa mkubwa kama boma la Mjerumani.

Bonifasi hakucheka, na hakukasirika. Alivua kofia yake akapangusa jasho. Akasema, "Ndugu yangu, huyu mama ni bikira. Alikuwa bikira kabla ya kumzaa Mwanawe, na akabaki bikira siku zote. Hakuwa na mwana mwingine."

"Nani kakwambia?"

"Kanisa limenifundisha. Na waliolifundisha Kanisa ni watu wa zamani sana."

"Mimi Kitabu kimeniambia!" nikasema (uongo huo, Kitabu hakijawahi kuniambia hata hujambo, aliyeniambia ni Danieli). Nikapanda juu ya gogo la reli, nikaanza kuimba mlango ule wa Nazareti, watu wa kijijini wanavyomshangaa Yesu, huyu si mwana wa seremala, mama yake si tunamjua, na ndugu zake si hawa hapa. Nikawataja mmoja mmoja kwa vidole, Yakobo (nikajipiga kifua, jina langu hilo), na Yose, na Simoni, na Yuda, na dada zake wapo! Mafundi wakapiga makofi. Mimi huyo, kichwa juu.

Bonifasi akangoja makofi yaishe. "Sawa," akasema, "wametajwa. Waliowataja ni watu wa kijijini. Na watu wa kijijini humtaja mtu kwa nyumba anayolala. Sisi tunafundishwa hao walikuwa watoto wa jamaa yake, na wengine husema ni wana wa zamani wa Yusufu, aliowazaa kabla hajamposa Maria. Wewe ulikuwepo ukaona nani ametoka tumboni mwa nani?"

"Ameitwa mzaliwa wa kwanza!" nikafoka. "Wa kwanza, maana yake kuna wa pili."

Akawageukia watu wetu, akawaamkia Kigogo. "Wazee, mbukwa." Wakaitikia, mbukwa. "Ninyi ni wafugaji. Mtamba wako akizaa ndama wake wa kwanza, unamwita wa kwanza siku ile ile, au unangoja azae wa pili?"

"Siku ile ile!" wakajibu watu wangu mwenyewe, watu wa Kikuyu, wasaliti wakubwa! Wakiulizwa habari za ng'ombe hawawezi kusema uongo hata wachomwe moto.

Nikaanza kutoka jasho. Wakati huo Mwalimu Danieli naye akawa amefika, alikuja kupeleka barua ikapande gari, akasikia kelele, akasimama nyuma na barua yake mkononi. Nikamwona, nikazidi kujaa upepo.

Bonifasi akasema, "Nikuulize la mwisho, halafu niende zangu. Bwana wetu pale msalabani, mama yake alimkabidhi nani?"

Hilo nalijua. "Mwanafunzi wake aliyempenda."

"Wa ukoo wake?"

"Hapana, rafiki."

"Haya. Wewe una mdogo wako?"

"Ninaye, Mika, yuko machungani."

"Ukifa leo, Mungu apishe mbali, mama yako utamkabidhi nani?"

"Mika."

"Hutamkabidhi rafiki yako?"

"Nani? Mika atanifukua kaburini anichape!"

Nilisema ili watu wacheke. Wakacheka kweli, halafu kicheko kikakatika, nikaona vichwa vya wazee vinatikisika polepole, ee, ee, na mimi mwenyewe nikasikia nilichokisema. Ugogo mzima hakuna mtu angemwachia rafiki mama mwenye wana wanne hai. Nilikuwa nimejichimbia shimo kwa jembe langu mwenyewe.

Danieli akaita kutoka nyuma, "Yakobo, hapo pana jibu. Shuka nikusaidie."

Nikasema, "Mwalimu, kaa, namaliza mwenyewe." Mnaniona? Mtu aliyesoma ananipa kamba nitoke shimoni, mimi namwambia asinisumbue nachimba.

Nikanyanyua mikono nikatangaza, tena kwa sauti ya kupigia mbiu, "Nikishindwa leo, sanduku hili nitalibeba mimi, kichwani, na kanzu yangu hii hii, nipite nalo mbele ya nyumba yetu ya sala watu wote wanione, nilifikishe kwa mapadre!" Mafundi wakapiga miluzi. "Sasa tuache Nazareti, Nazareti ni mbali. Tuchukue nyumba iliyopo hapa. Mimi mnanijua. Mika mnamjua, Sara mnamjua. Tunaitwa ndugu, tunalala tembe moja, tunakula chungu kimoja. Nani hapa atasimama aseme tumbo letu siyo moja?"

"Hakuna!" wakaitikia mafundi, wale wageni.

Watu wa Kikuyu hawakuitikia. Walikuwa wanatazama miguu yao. Mimi nikadhani ni heshima, nikadhani nimewapiga kwa hekima mpaka wamekosa la kusema. Shangazi Matika akaja mbio akanishika kanzu. "Yakobo, shuka."

"Shangazi, niache, nimemshika!"

"Shuka nakwambia, mtoto wewe!" Akavuta, nami nikavuta, na kanzu ya ubatizo ikapasuka kutoka kwapani mpaka kiunoni, mbavu zote nje. Hata hapo sikusikia! Nikaendelea na ubavu wangu ukipigwa na upepo.

"Mama!" nikaita. "Simama uwaambie hawa. Una wana wangapi?"

Kwenye kundi la wanawake mmoja alishika mdomo. Mama akainuka na kibuyu chake, taratibu. Akanitazama, akawatazama watu. Akasema, "Wanangu si mnawajua. Huyu hapa mwenye kelele, na Mika, na Sara. Nani amebaki hajapata maziwa?"

Watu wakapumua, nikasikia kabisa kundi zima linapumua, wengine wakacheka. Na Bonifasi akainua mkono haraka (leo najua kwa nini alifanya haraka, yeye alikuwa ameshaziona zile nyuso zinazotazama chini). Akasema, "Mama amejibu vizuri, wala mimi sina la kuongeza. Tuishie hapo, ndugu yangu. Sanduku nitabeba mwenyewe."

Tazameni mlango ulivyokuwa wazi! Mlango wa kupita fahali na pembe zake. Mimi nikaona anakimbia.

"Hapana!" nikasema. "Siyo wana, tumbo! Mama, waambie, kwa tumbo lako mwenyewe umezaa wangapi? Sema mbele ya Mungu, na Mwalimu Danieli yupo anasikia."

Danieli akaja mbele anasukuma watu. "Mama, usijibu. Hulazimiki."

Mama akasema, "Ameniapisha." Akakiweka kibuyu chini, akakizungusha kidogo kwenye mchanga kisianguke. Halafu akasimama wima, akasema kwa sauti ile ile aliyokuwa anauzia maziwa, "Sikuzaa. Hata mmoja."

Mnajua stesheni ya Dodoma ilivyo na upepo. Siku ile hata upepo sikuusikia. Nilisikia maji tu yanadondoka mahali kwenye gari moshi. Nikasema (huyu ni mimi, msomi), "Mama, unatania."

Aliyejibu ni lile jitu la jino lililovunjika, mshangiliaji wangu, alipaza sauti kwa furaha kabisa kama mtu aliyeokota kitu njiani, "Kumbe mama wa msomi ni mgumba!"

Wanawake wa kwetu neno hilo hulificha hata kwa adui. Mama alikuwa amelizungushia ukuta miaka yote ile, ukuta wenyewe ni sisi watatu, na mimi ndiye niliyepanda juu ya gogo nikaubomoa. Shangazi Matika alichukua kibuyu kizima akammwagia lile jitu kichwani, maziwa ya mgando mpaka kwenye masikio, na kilichobaki akanimwagia mimi. Akaniuliza, "Haya, umeshinda? Furahi sasa." Na mimi nilikuwa nimesimama pale ubavu nje, nanuka maziwa, na kila mtu anangoja nichekeshe.

Bonifasi akainama kushika sanduku lake. Mama akasema, "Liache. Alisema atabeba. Abebe."

Nikabeba. Jamani, sanduku lile lilikuwa zito kama ng'ombe na ndama wake, nasema shingo yangu ilikuwa ndefu kama ya twiga kabla ya siku ile, hii mnayoiona ndiyo iliyobaki. Bonifasi mbele, mimi katikati, mama nyuma na vibuyu vitupu. Shangazi alikataa kutembea na mimi. Tukapita mbele ya nyumba yetu ya sala, na kwa bahati yangu siku ile waimbaji wote walikuwa nje wanajifunza wimbo wa kesho. Wimbo ukafa. Mmoja akauliza, "Yakobo, umebeba nini?" Mwingine akajibu kabla yangu, maana habari ilishafika, habari za aibu Ugogo zina mbio kuliko reli, "Amehamia Roma!" Kabla ya jua kushuka, Buigiri walikuwa wanasema nimekuwa padre, na Kibaigwa walishasikia nimekwenda Ulaya.

Tulipotoka kidogo nje ya kijiji Bonifasi alipunguza mwendo tukawa sambamba. Nilijua atanicheka, nikajikaza. Akasema, "Ulipouliza wanawe nimewaacha stesheni gani, uliniumiza."

Nikasema, "Nisamehe, ilikuwa mzaha."

"Najua ni mzaha. Mimi mama yangu simjui. Nilitekwa mdogo, nikauzwa pwani, mapadre wakaninunua wakaniweka huru. Nilikuwa nalia siku nzima, wala lugha yao siijui. Padre mmoja akanishika mkono akanipeleka mbele ya sanamu kama hii, akainyoshea kidole, akaninyoshea mimi, akasema neno moja. Mama." Akatembea kidogo. "Sasa wewe unaniambia maandiko, na maandiko ni kweli, na mimi nayasoma. Lakini mimi nilikuwa mwanawe kabla sijajua kusoma."

Akatangulia.

Nikatembea. Sanduku linanichoma utosini. Nikasikia hatua za mama nyuma, nikasema bila kugeuka (huwezi kugeuka na mzigo ule), "Mama, sisi ni wa nani?"

Tukavuka kijito kikavu. Kisha akasema, "Wewe na Mika ni wa dada yangu. Alikufa Mika alipozaliwa. Wakanileta mimi kushika nyumba yake, mkeka mmoja na kibuyu kimoja. Wewe ulikuwa unatembea tayari, unajua kusema mbili tatu. Ulinikataa. Nikikubeba unapiga kelele, unamtaka mwenyewe."

"Halafu?"

"Halafu siku moja nilikushika kwa nguvu nikulishe uji, ukaniuma hapa. Uling'ata kama unataka kuondoka na nyama. Nami sikukuachia, tukalia wote, uji ukamwagika. Siku ya pili yake ukaniita mama."

Nikasimama. Nikageuka na sanduku langu lote, shingo ikalia kwa! Nikautazama ule mkono wake wa kushoto.

"Mama, si ulisema mbwa?"

"Ningesema nani?"

Ndugu zangu. Mbwa wote wale. Mbwa wa mzee jirani yetu niliyemvunja mguu. Maisha yangu yote namtafuta mbwa aliyemuuma mama yangu, nimezunguka kijiji kizima na mawe mkononi, kumbe mbwa ni mimi. Na pale stesheni nimemuuma tena, pale pale kwenye kovu.

Nikasema, "Na Sara? Sara naye ni wa nani?"

Mama akaniangalia, akapita mbele yangu na vibuyu vyake. "Sara ni wangu," akasema. "Unataka kuhesabu tena?"

Sikuhesabu tena. Mpaka leo sijui Sara alitoka wapi, na Sara ni bibi mwenye wajukuu.

Tukafika kwa mapadre, kibanda cha miti na nyasi. Bonifasi akafungua sanduku, akatoa majani makavu, akamtoa. Alikuwa mwanamke wa mbao, amevaa buluu, na mtoto mkononi. Vumbi la reli lilikuwa limemwingia mpaka machoni. Mama yangu, Mprotestanti aliyebatizwa kwa Waingereza, aliyefundishwa sanamu si kitu, alisogea akamtazama sana. Kisha akachukua pembe ya nguo yake, akailowesha mate kidogo, akampangusa uso mtoto kwanza, halafu mama. Akamwuliza Bonifasi, "Huyu ndiye aliyekulea?"

"Ndiye."

"Amefanya kazi," mama akasema. Akaniambia, twende, Mika atakuwa ameshawafungia ndama.

Jumapili nilikwenda kwa Mwalimu Danieli na kanzu yangu imeshonwa kwa kamba ya katani. Nikamwuliza jibu lake lilikuwa nini, lile la msalabani. Akanieleza kwamba wakati ule ndugu zake Yesu walikuwa bado hawajamwamini, ndiyo maana mama alipewa aliyeamini. Ni jibu zuri, mimi naliona zuri mpaka leo. Nikasema, "Mbona hukulisema?" Akasema, "Ulinikataza." Kisha akasema, "Mimi naamini Mariamu alizaa wengine. Bonifasi anaamini hakuzaa. Tutaulizana mpaka tuzeeke." (Na kweli, walizeeka wanaulizana, nimewaona mara nyingi wamekaa kwenye gogo lile lile la stesheni, kila mmoja na kitabu chake, wanabishana mpaka wanasahau kula.) "Lakini wewe Yakobo hukuwa unauliza. Ulitaka kushinda, na ulipokosa kitu cha kushindia ukamchukua mama yako."

Mama hakwenda stesheni mpaka mtama ukavunwa. Alipokwenda tena nilimbebea vibuyu, mdomo nimeufunga kama mlango wa zizi. Nilikuwa naogopa watu wetu. Kumbe wanawake wa Kikuyu walikuwa wameshakubaliana bila kukaa kikao. Tulipotokea tu wakaanza, mmoja baada ya mwingine, hata waliokuwa wamekaa hatua mbili kutoka kwetu, wanapiga kelele kama wanaita mtu ng'ambo ya mto, "Mama Yakobo, mbukwa! Mama Yakobo, wana hawajambo? Mama Yakobo!" Mpaka lile jitu la jino lililovunjika likainua kichwa kwenye mataruma ya reli, likatazama, likainamia kazi yake.

Mama akawajibu wote, mmoja mmoja. "Wazima," alisema. "Wanangu wazima."

Basi mimi siku hizi mtu akianza mambo ya tumbo la mwanamke, awe wa Nazareti awe wa hapa Kikuyu, kwamba kazaa wangapi na nani katoka wapi, nainuka nasema naenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe sina, walikwisha zamani, watu wanajua na wananicheka. Naenda hivyo hivyo nakaa nyuma ya tembe. Mbwa wa jirani huja kulala miguuni pangu, nami namkatia kipande cha ugali, kikubwa, maana deni langu kwa ukoo wao sijalimaliza.